Mwenye Heri Abbé Albert Joubert, Mtoto wa Ziwa na Padri wa Fizi



Katika kitabu hiki kidogo cha jubilei mnasoma habari za majengo, za vyama vya sala, za ubatizo na za ndoa takatifu. Hayo yote ni matunda mema, nasi tunamshukuru Mungu juu yake. Lakini tungekuwa watu wasio na shukrani kama tungehesabu matofali na kusahau damu. Inchi hii ya Fizi na Baraka ilinyweshwa damu ya wafiadini wanne siku moja, tarehe 28 Novemba 1964. Watatu walitoka mbali, Italia, nao walikuwa Wamisionari Wasaveriani: Padri Giovanni Didonè, Padri Luigi Carrara na Frera Vittorio Faccin. Wa nne hakuvuka bahari ili aje kwetu. Alizaliwa pwani ya ziwa hili hili la Tanganika, akanyonya maziwa ya mama Mukongomani, akawa padri wa jimbo. Huyo ni Abbé Albert Joubert.

Tumemchagua yeye ili tusimulie maisha yake katika kurasa hizi, si kwa sababu anawapita wenzake kwa heshima, maana taji yao ni moja. Tumemchagua kwa sababu kuna watu kati yetu wanaosema bado kwamba dini hii ni jambo la wageni, na kwamba Mwafrika huifuata kwa kutafuta faida tu: masomo, kazi, mavazi, jina kubwa. Maisha ya Abbé Albert yanajibu neno hilo kuliko mahubiri yetu yote.

1. Nyumba aliyozaliwa

Ili tumfahamu mtoto, yatupasa kwanza kumjua baba.

Baba yake aliitwa Léopold Louis Joubert. Alizaliwa mwaka 1842 huko Saint-Herblon, upande wa magharibi wa Ufaransa. Mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka 18, aliacha nyumba ya wazazi akaenda Roma kujiunga na jeshi la Baba Mtakatifu. Aliwatumikia Mapapa kwa silaha miaka kumi, mpaka mji wa Roma ulipotekwa mwezi wa Septemba 1870. Ndipo akarudi kwao. Mtu wa namna ile angeweza kuoa na kukaa kwa raha katika mashamba ya inchi yake, akiwasimulia wajukuu habari za vita. Lakini mwaka 1880 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alikuwa anatafuta watu wa kulinda misioni changa za ziwa Tanganika, mahali biashara ya watumwa ilipokuwa inaharibu vijiji. Kapiteni Joubert akakubali.

Hapa wasomaji wetu wasikilize vizuri. Safari ile ya kwanza ilimleta upande wetu. Misioni ya Mulweba, katika inchi ya Masanze, ilifunguliwa mwezi wa Novemba 1880, na misioni ya Kibanga ikafuata mwaka 1883. Zote mbili zilikuwa pwani ya magharibi ya ziwa, katika inchi zetu za Ubwari na jirani zake. Basi jina la Joubert lilijulikana katika pwani yetu zaidi ya miaka themanini kabla ya mwana kumwaga damu yake Fizi.

Mwaka 1885 Kapiteni alirudi Ulaya, lakini hakukaa. Mwaka 1887 alifika Mpala, kusini ya mahali panapoitwa leo Kalemie. Kituo kile kilikuwa kimejengwa mwaka 1883 na Storms, ofisa Mbeleji, kisha mwaka 1885 kikatiwa mikononi mwa wamisionari. Tangu siku ile Kapiteni hakurudi tena katika inchi ya wazazi wake. Alikusanya vijana wa vijijini, akawafundisha kulinda wanawake na watoto wasitekwe. Miaka kadhaa yeye na watu wake walishindana na vikosi vya wafanyabiashara ya watumwa, na mara nyingi baruti ilikuwa karibu kwisha na msaada wa Ulaya haujafika. Vita ile ilipokoma, katika miaka ya 1890, Kapiteni hakuomba mshahara wala cheo. Aliweka bunduki ukutani akawa mlimaji, mwalimu wa dini, mganga wa vidonda na mwamuzi wa magomvi madogo.

Mwaka 1888 alikuwa amemwoa kwa ndoa takatifu binti wa inchi ile, Agnès Atakao. Jambo hilo tusilipite upesi. Katika siku zile wazungu wengi waliishi na wanawake wa Kiafrika kwa siri, kisha wakawaacha pamoja na watoto wao. Kapiteni Joubert alisimama mbele ya altare akamwita Agnès mke wake mbele ya Mungu na mbele ya watu, naye akakaa naye mpaka kufa. Nyumba yao ilikuwa huko Mrumbi, kijiji kilichopewa jina la Saint-Louis, katika inchi ya Moba.

Katika nyumba hiyo Albert alizaliwa, tarehe 18 Oktoba 1908. Baba yake alikuwa na umri wa miaka 66. Miaka ile ugonjwa wa malale ulikuwa unaangamiza vijiji vingi vya pwani ya ziwa. Basi tusifikiri kwamba mtoto huyu alilelewa katika utajiri wa kizungu. Alilelewa katika nyumba ya mzee aliyetoa kila kitu, mahali ambapo kengele ya sala ilipanga siku, na ambapo kifo kilikuwa jirani. Katika uzee wake Kapiteni alipofuka macho. Alikufa tarehe 27 Mei 1927, na Albert alikuwa kijana wa miaka 18.

Ni urithi gani basi ulioachwa kwa kijana yule? Hapakuwa na fedha wala majumba Ulaya. Kulikuwa na jina lililoheshimiwa pwani nzima, na mfano wa mtu aliyejua kuacha.

2. Njia ya altare

Katika siku za ukoloni, kijana wa baba Mfaransa na mama Mukongomani alisimama mahali pagumu. Wazungu hawakumhesabu kuwa mmoja wao kamili, na weusi waliweza kumtazama kama mtu wa upande wa mabwana. Lakini alikuwa na milango ambayo wengine hawakuwa nayo. Kwa jina la baba yake na kwa masomo yake, kijana kama Albert angeweza kutafuta kazi katika biashara au katika serikali, akakaa katika nyumba ya bati, akavaa viatu vizuri, akawa na gari. Hatusemi kwamba mambo hayo ni dhambi. Tunasema tu kwamba yalikuwako, na kwamba Albert alichukua njia nyingine.

Njia ile ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Katika inchi yao ya Mpala, Lusaka na Baudouinville, Monseigneur Roelens alikuwa ametaka tangu mwanzo kuwapata mapadri Waafrika, ijapo wengi walimcheka. Seminari ilianza Mpala, kisha ikahamia Lusaka. Tarehe 21 Julai 1917, Stefano Kaoze alipadrishwa Baudouinville, akawa padri wa kwanza Mukongomani wa nyakati hizi zetu. Albert alikuwa mtoto wa miaka minane. Habari ile ilitikisa pwani nzima ya ziwa. Watu waliona kwa macho kwamba mikono myeusi inaweza kuinua kalisi.

Masomo ya seminari katika miaka ile yalikuwa marefu na makali: kilatini, filosofia, teolojia, kimya, kazi za mikono, na kuachana na nyumba. Wengi walianza na wachache walimaliza. Albert Joubert alimaliza. Alipadrishwa tarehe 6 Oktoba 1935, karibu na siku ya kutimiza miaka yake 27. Hakuwa mtawa wa shirika fulani. Alikuwa abbé, maana yake padri wa jimbo, aliye chini ya askofu wake, asiye na makao Ulaya ya kurudia wakati wa uzee wala wakati wa hatari. Kwa mtu wa namna hiyo, inchi anayoitumikia ndiyo inchi atakayozikwa.

Alitumika katika upadri miaka 29. Ndugu wasomaji, pengine mnangoja tuwasimulie miujiza. Lakini maisha ya padri wa misioni hayana mambo mengi ya kusimulia, na humo ndimo ukubwa wake ulimo. Ni kupanda milima kwa miguu ili Misa isomwe katika kijiji ambako hakuna padri tangu miezi. Ni kukaa saa nyingi katika kiti cha ungamo. Ni kubatiza mtoto usiku kwa sababu hatafika asubuhi. Ni kuzika maskini asiye na jamaa. Ni kula kinachopatikana, muhogo na ndagala, na kusema asante. Miaka 29 ya kazi ya namna hiyo haiandikwi katika vitabu vya historia. Lakini ndiyo inayomtayarisha mtu, kidogo kidogo, ili siku kubwa ikifika asiwe na neno jipya la kutafuta.

3. Mwaka 1964

Wakati wa uhuru, inchi zetu za Uvira na Fizi zilikuwa chini ya uaskofu wa Bukavu na wa Kasongo. Wasaveriani, wana wa Mtakatifu Guido Maria Conforti, waliingia Kongo mwaka 1958. Tarehe 16 Aprili 1962 Jimbo la Uvira lilizaliwa, na askofu wake wa kwanza alikuwa Monseigneur Danilo Catarzi, naye Msaveriani. Katika parokia ya Fizi, Padri Giovanni Didonè alikuwa mkubwa wa misioni. Abbé Albert alikaa pamoja naye. Mmoja alizaliwa Cusinati, katika inchi ya Vicenza, mwaka 1930, na mwingine alizaliwa Mrumbi mwaka 1908. Kijana wa Ulaya alikuwa mkubwa wa nyumba, na mzee wa ziwa alikuwa msaidizi wake. Sala, meza na kazi vilikuwa vyao pamoja.

Mwaka 1964 vita ya Mulele ilitufikia. Wazee wetu wanaikumbuka kwa uchungu, nasi tunataka kuisimulia pasipo uongo. Uhuru wa mwaka 1960 ulikuwa umeleta matumaini makubwa, lakini watu wa vijijini waliona njaa, mishahara isiyolipwa, na viongozi wapya waliokula peke yao. Vijana wengi walioshika silaha katika mwezi wa Aprili 1964 kati ya Uvira na Fizi walikuwa na malalamiko ya kweli. Walikuwa wana wa nyumba zetu, hawakushuka kutoka mbinguni wala kupanda kutoka kuzimu. Wengine kati yao walibatizwa katika makanisa yetu. Lakini hasira ikawa upofu, na upofu ukawa damu. Mji wa Uvira ulitekwa tarehe 15 Mei 1964. Monseigneur Catarzi pamoja na wamisionari na Masista walizuiliwa huko miezi mingi, mpaka jeshi la serikali lilipouchukua mji tena tarehe 7 Oktoba.

Tangu siku ile hatari ilihamia kusini, kwetu. Waasi waliofukuzwa Uvira walirudi nyuma kuelekea Baraka na milima ya Fizi. Mapadri wa misioni zetu mbili hawakuwa watoto. Walijua yaliyotendeka mahali pengine, na walijua kwamba mtu mwenye jina la kizungu anaweza kuuawa kwa neno la mlevi mmoja. Walakini waliendelea kukaa. Kulikuwa na wakatekumeni wa kufundisha, wagonjwa wa kupaka mafuta, na Misa ya Jumapili ya kusoma. Kama wao wangeondoka, nani angewapa watu mkate wa uzima?

Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubeleji walishuka Stanleyville, mji mkubwa wa waasi. Habari ile ilipoenea, waasi wengi walitafuta kulipa kisasi. Siku nne baadaye zamu ya Baraka na Fizi ilifika.

4. Jumamosi ya tarehe 28 Novemba

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Eklezia nzima ilikuwa inajitayarisha kumngoja Bwana.

Huko Baraka, mchana, gari la waasi lilisimama mbele ya kanisa. Frera Vittorio Faccin, kijana wa miaka 30, mtu wa kazi za mikono, alitoka nje. Walimwamuru apande garini. Alikataa, wakampiga risasi. Padri Luigi Carrara, mwenye miaka 31, alikuwa ndani ya kanisa anaungamisha. Aliposikia mlio akatoka, akamkuta ndugu yake amelala katika damu. Naye aliamriwa kupanda gari. Hakupanda. Alipiga magoti karibu na maiti ya mwenzake, na hapo hapo aliuawa.

Kisha gari lile lilipanda milima kuelekea Fizi, safari ya kilometa 30 na zaidi, katika njia ambayo sisi sote tunaijua. Jioni lilifika misioni. Padri Didonè alikwenda kufungua mlango, naye alipigwa risasi katika kipaji cha uso. Abbé Albert Joubert aliuawa pamoja naye. Alikuwa na umri wa miaka 56. Padri Didonè alikuwa na miaka 34.

Ndivyo ilivyokwisha, pasipo hukumu na pasipo maneno mengi. Jumapili ya Majilio ilipopambazuka, Wakristu wa Baraka na wa Fizi walikuwa kondoo wasio na mchungaji. Siku chache tu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, huko Isiro, Sista Anuarite Nengapeta naye aliuawa. Ardhi ya Kongo ilipokea mbegu nyingi katika juma lile moja.

5. Je, alichagua?

Mtu wa akili anaweza kutuuliza: mnasemaje kwamba Abbé Albert alichagua zawadi za milele? Wauaji hawakumweka katikati ya njia mbili ili achague moja. Walifika tu wakaua.

Swali hili ni la haki, nasi hatutaki kulikwepa. Ni kweli kwamba jioni ile Fizi hapakuwa na nafasi ya kujadiliana. Lakini tuangalie maisha yote. Kijana alichagua alipoingia seminari badala ya kutafuta kazi yenye faida. Alichagua siku ya upadrisho wake, mwaka 1935, alipolala kifudifudi mbele ya altare. Alichagua kila asubuhi ya miaka 29, alipoamka kwenda kusoma Misa wakati mwili unataka kulala. Na mwaka 1964 alichagua kila siku aliyokaa Fizi. Risasi ilimkuta mahali pale alipokuwa amejiweka mwenyewe. Mfiadini ni mtu ambaye kifo hakikumnyang'anya kitu, kwa sababu alikwisha kutoa.

Tena tutazame baba na mtoto pamoja. Kapiteni Joubert alikuja ziwani akiwa na bunduki ili awalinde wanyonge. Hatumhukumu. Wakati wake ulikuwa wakati wa minyororo, na watoto wengi walibaki na mama zao kwa sababu yake. Lakini mwana wake hakurithi bunduki. Alirithi kile kilichokuwa nyuma ya bunduki, yaani moyo uliokubali kupoteza raha kwa ajili ya watu wa Mungu. Baba aliacha inchi yake. Mwana alitoa uhai wake, mikono mitupu. Kwa namna hiyo mwana alimpita baba, na tunaamini kwamba baba amefurahi mbinguni.

6. Baada ya miaka sitini

Mbegu ilikaa siku nyingi chini ya udongo. Vita iliendelea kwetu mwaka 1965, na milima ya Fizi ilibaki miaka mingi nje ya amani. Tena kuanzia mwaka 1996 vita nyingine zikafuata, na maelfu ya watu wetu walivuka ziwa kukimbilia Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu na nyingine. Lakini jina la wafiadini halikupotea. Wazee waliwasimulia watoto.

Tarehe 14 Desemba 2023 Baba Mtakatifu Fransisko aliidhinisha amri inayotambua kwamba watumishi hawa wanne waliuawa kwa kuchukiwa imani. Na tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa jina la Baba Mtakatifu, aliwatangaza kuwa Wenye Heri. Watu walifika kwa mitumbwi, kwa malori na kwa miguu. Wazee waliokuwa watoto mwaka 1964 walilia. Tangu siku hiyo tunaweza kuwaomba hadharani watusaidie: Mwenye Heri Luigi, Mwenye Heri Giovanni, Mwenye Heri Vittorio, Mwenye Heri Albert. Majina hayo yamewekwa pamoja na majina ya Mwenye Heri Anuarite, aliyetangazwa Kinshasa mwaka 1985, na ya Mwenye Heri Isidori Bakanja, aliyetangazwa mwaka 1994.

7. Na sisi je?

Ndugu wapendwa, jubilei si sikukuu ya kula na kucheza peke yake. Ni siku ya kufanya hesabu ya urithi.

Tunaona nini kati yetu leo? Jumapili asubuhi kengele inalia, lakini soko nalo limejaa. Mvuvi anasema kwamba ndagala hazingoji Misa. Kijana anasema kwamba dhahabu ya Misisi haingoji mtu, naye anakwenda machimboni miezi mingi pasipo sakramenti, kisha anarudi na pikipiki mpya na moyo uliozeeka. Wazazi wengine wanamkataza mtoto wao asiingie seminari au utawa, kwa sababu wanataka mtoto atakayewajengea nyumba. Na sisi wenyewe tunaoandika kurasa hizi, tunakiri kwamba mara nyingi tumekuja Misani kwa mwili huku roho ikihesabu faranga.

Hatusemi kwamba kazi ni mbaya. Mungu anapenda mvuvi avue na mlimaji avune, na nyumba yenye njaa haisali kwa urahisi. Lakini Abbé Albert anatuuliza swali moja: kitu gani kwako hakiguswi? Siku ambapo faida na altare vitavuta upande huu na huu, mkono wako utashika wapi? Mtu asiyeweza kuacha soko la saa mbili kwa ajili ya Misa, asijidanganye kwamba ataweza kuacha uhai kwa ajili ya Kristu.

Kuna jambo la pili, nalo ni gumu zaidi. Wale waliowaua mapadri wetu walikuwa na jamaa, na jamaa hizo ziko kati yetu. Wanasali katika makanisa yetu, watoto wao wanaimba katika kwaya zetu. Kama tunajivunia wafiadini huku tukinyosheana vidole, tunaiaibisha damu yao. Padri Carrara alipiga magoti kando ya ndugu aliyeuawa, na hakuokota jiwe. Padri Didonè alifungua mlango. Basi katika jubilei hii na sisi tufungue milango: kati ya ukoo na ukoo, kati ya Mubembe na jirani yake, kati ya waliokimbia na waliobaki. Sadaka hiyo itampendeza Mungu kuliko kengele mpya.

Mwenye Heri Albert Joubert alizaliwa na wazazi wa mataifa mawili, naye kwa uhai wake wote alionyesha kwamba nyumba ya Mungu ni moja. Aliishi pwani ya ziwa tunaloliona kila asubuhi, alipumua hewa ya milima yetu, na damu yake iko katika udongo wetu. Si mgeni. Ni mzee wetu wa ukoo katika imani. Tumwombe atuombee, ili sisi tulio warithi wake tupende Misa kuliko raha, na uzima usiokwisha kuliko mali inayooza. Na siku Bwana atakapotuita, mchana au jioni, atukute mahali petu, tukiwa katika kazi aliyotupa.

Tumsifu Yesu Kristu. Milele na milele. Amina.